Njumu Kumi na Mbili

Mimi fundi viatu, kibarazani, Barabara ya Nane, Ngamiani.
Watu huja na nyuso zao, mimi hutazama chini.
Aendaye upande namjua, akimbiaye deni namjua,
soli haijui kusitiri.

Mskochi alikuja Jumanne, wiki ya pili tangu Kamba wamwajiri,
shingo nyekundu kama kamba,
si wa kiwandani, yule wa chunguni.
Kavaa ndara. Mkononi, mfuko wa karatasi.
Akatoa viatu vyake vya njumu, ngozi imekakamaa,
matope ya kwao bado yamo kwenye mishono,
meusi, si kama haya yetu.
"Ng'oa," akasema. Kiswahili chake kilikuwa maneno tisa,
hilo mojawapo. "Ng'oa zote. Nataka kutembea."

Habari zake nilikuwa nazo. Nani hakuwa nazo?
Kutoka Mabawa hadi Chumbageni walizihesabu,
magoli mia na arobaini na moja, mengi ya kichwa,
kwenye mvua isiyojua kukatika,
mbele ya watu waimbao hata wakifungwa.
Kisha goti. Kisu kimoja tu,
na mtu wa miaka ishirini na tisa
akaanza kuitwa wa zamani.

Nikashika koleo.
Ya kwanza ilitoka na mlio, kama gego.
Akageuza uso, akatazama baiskeli zinavyopita.
Sita za mguu huu, sita za mguu ule.
Mashimo nikayaziba kwa mpira wa tairi,
tairi la lori lililobeba mkonge hadi likachoka.
"Njumu, tupa," akasema.
Nikamwambia nimetupa.

Kila mwezi akawa ananiletea kiatu kimoja, cha kulia.
Kisigino kizima, ncha imelika.
Nikajiuliza, kocha wa kukaa benchi anapiga nini?
Jumamosi moja nikafunga kazi, nikaenda Mkwakwani,
nikakaa nyuma yake, macho chini kama desturi.
Mpira ukiwa kwa winga, mguu ule umetulia.
Krosi ikija, unapiga.
Unapiga ubao, unapiga zege, unapiga ndoo ya maji,
na shingo inaruka, anafunga goli
ambalo uwanja mzima haukuliona.

Kule mbele, Akida Semkiwa amechelewa nusu hatua.
Nusu hatua! Kocha akafoka kwa lugha ya kwao,
Akida akajibu kwa Kibondei,
wakaelewana matusi tu.

Mechi saba bila ushindi. Watu wa Makorora
walisema mkonge ukikataa kuwa kamba, usiulaumu,
mlaumu aliyeukata mapema.

Nisiseme uongo: siku iliyobadili mambo siijui.
Najua tu kwamba baada ya mvua za vuli
alileta kiatu, nikakigeuza, nikakigeuza tena.
Ncha nzima.
Kisigino kimekwenda chote, kama cha askari wa lindo,
kama cha mtu aliyejifunza kusimama
na kumwachia mwingine akimbie.
Sikumwambia kitu. Nilimpunguzia shilingi.

Wiki ileile Akida alifunga mawili.

Aliondoka mwaka wa tatu, kiwanda kilipoanza kulipa kwa ahadi.
Alikuja kuaga, maneno yake sasa hayahesabiki,
anatukana vizuri kabisa.
Nikafungua kopo la rangi ya viatu, nikamwagia kiganjani.
"Mwongo wewe," akasema, na sauti ikamkwama.
Akazihesabu. Akazihesabu tena.
"Moja iko wapi?"

Nikamweleza: ile Ijumaa kabla ya fainali ya mkoa,
njumu ya Akida ilikatika, duka limefungwa,
nami nilikuwa na kopo.

Alikaa kwenye kigoda changu muda mrefu,
mteja mwingine akaja, akaona, akaenda zake.
Kisha akafunga kumi na moja ndani ya leso,
akaondoka akitembea.
Kisigino kwanza.