Mlango wa Jikoni

Łódź, tramu zikikwaruza barafu,
miezi mitatu nilishona pazia la mwanga
kwa tovuti ya ukumbi mdogo wa maigizo:
mahameli nyekundu, kama ile iliyofumwa hapa
enzi za viwanda vya matofali.
Ukiligusa, lapanda. Fidla zalia.
Majina ya waigizaji yadondoka kama theluji
na kuyeyuka kabla hujayamaliza.

Kabla ya hayo, bila shaka, kuna kusubiri.
Asilimia kumi na mbili. Asilimia arobaini.
Pakua kwanza programu-jalizi, kisha urudi.
Mkurugenzi Pękalski alipiga makofi
peke yake, ofisini, mbele ya kompyuta mpya,
nami nikavimba kichwa.

Machi akaja Bi Bogumiła Zawiślak,
mstaafu wa ubao wa simu,
macho yamemzimikia moja moja
kama taa za ngazini.
Kompyuta yake husema. Akaiweka mezani,
akavua glavu moja tu,
akabonyeza.

Sauti kavu ikasoma:
Kitu. Kimepachikwa. Kitufe. Kitufe.
Kitufe kisicho na jina. Mwisho wa ukurasa.

Akabonyeza tena. Kitu. Kimepachikwa.
"Mchezo wa leo unaitwa Kitu?" akauliza.
"Na nani kapewa nafasi ya Kitufe?"
Aliyecheka ni yeye pekee.

Nikamtengenezea njia, pembeni, chini kabisa,
herufi ndogo: Toleo la maandishi.
Ratiba ya mwaka jana, bei za mwaka jana,
maana nani angekumbuka kuhuisha kurasa mbili?
Alikaa nayo wiki moja, akapiga simu.
"Kijana, miaka thelathini na mmoja
niliunganisha mji huu, mtu na mtu,
sikumuuliza yeyote kama anaona.
Leo kwenye karamu yenu
mimi nipitie jikoni,
nile makombo ya msimu uliopita?"

Husemwa nyumba njema si mlango.
Wasemao hivyo wameshaingia.

Sisemi kila kinachosogea ni dhambi.
Mpwa wangu Tymek hasikii;
kwake filamu fupi, mikono ikizungumza,
ina ukarimu kuliko aya zangu kumi.
Kiungo ni kiungo,
kwenye mchuzi, kwenye goti, kwenye ukurasa:
kikikaa vibaya, mwenye mwili ndiye ajuaye.

Nikalifumua pazia usiku mmoja.
Nikaanza na maneno matupu:
kichwa, tarehe, saa, bei,
ngazi ngapi kutoka barabarani hadi kitini.
Filamu nikaiweka kando, na maandishi yake chini,
inyamaze mpaka iitwe.
Pękalski akaguna: "Umeuvua ukumbi wangu nguo."
Sikuwa na jibu. Kwa kweli
ulionekana kuhisi baridi.

Bi Bogumiła hakuniandikia asante.
Mistari miwili, Alhamisi jioni:
"Novemba tisa ni Jumanne, umeandika Jumatano.
Safu ya pili, tiketi mbili, na asiketi mrefu mbele ya dada yangu."

Nikasahihisha.
Kisha, ofisi ikiwa tupu,
nikafungua faili la zamani.
Asilimia kumi na mbili. Asilimia arobaini.
Pazia likapanda, fidla zikalia,
theluji ya majina ikaanguka.

Zuri bado.
Nikalifunga, nikazima taa, nikateremka
nikipapasa ukuta.