Sahani za Kadutu

Simu ililia saa kumi na moja alfajiri:
"Tuko bandarini. Tuko saba. Na mbuzi."
Kisha salio likamwishia Bahizire,
au aliogopa kungoja jibu langu.

Saba!
Nikahesabu gizani:
mikeka miwili,
godoro moja lililobonyea katikati kama bonde,
sahani nne, ya nne ina ufa,
unga wa muhogo, robo ya ndoo.
Na moyo, ambao kwa hesabu hiyo ungeporomoka,
ukapanda ngazi mbilimbili.

Huku kwetu nyumba zimekaliana mabegani.
Kizingiti changu kiko sawa na paa la Nsimire,
nikisema jambo linateremka lenyewe kama maji.
"Nsimire! Niko na bageni!"
Mlima ukaamka, utadhani wageni ni wake.
Nsimire akaleta sahani tatu,
kila moja ina tone la rangi ya kucha chini ya kitako.
Mama Rutega tano, zimechorwa msalaba kwa msumari.
Mwalimu Cirhuza, anayeishi peke yake,
akaleta moja, na uma wake,
amezifunga kwa karatasi za mtihani wa hesabu.

Mbuzi alitangulia kufika.
Shangazi Nabintu alifika wa mwisho,
amepumzika kwenye kila mlango,
amekunywa maji kwa watu watatu,
na alipokanyaga kwangu alikwisha jua
nani ana mimba na nani ana deni.
Akanishika mashavu kwa viganja
vinavyonuka nanasi la Idjwi.
"Umekonda," akasema.
Miaka minne hakuna aliyenitazama vya kutosha
kuniambia hivyo.

Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumanne.
Tukaning'iniza simu msumarini, tukala chini yake:
bugali, sombe, sambaza wa kukaanga
ambao watoto waliwahesabu kwa sauti
ili asiwepo wa kudhulumiwa.
Bahizire alisimulia jinsi mbuzi alivyotapika
juu ya viatu vya nahodha,
akasimulia tena,
na mara ya pili nahodha alikuwa na viatu vipya.

Usiku walilala wamepangana kama sambaza kwenye ungo.
Mimi mlangoni, magoti kifuani.
Tangu Zihalirwa aende migodini
nimekuwa nikilala na saa ya ukutani,
tik, tik, mpaka kuche.
Usiku ule sikuisikia.
Kulikuwa na mvua juu ya mabati
na pumzi saba zisizofuatana,
mojawapo inakoroma kama gari linalotafuta gia.

Mgeni siku mbili, walisema waliotutangulia,
ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu nikatazama nyuma ya mlango: jembe halipo.
Bahizire alikuwa nje, matope hadi magotini,
anauchimba ule mfereji
niliouomba kwa serikali, kwa Mungu, na kwa mume wangu.

Jumapili wakaondoka. Mbuzi akabaki,
amekwisha kula ncha ya kitenge changu.
Nikarudisha sahani:
tone jekundu, teremka;
msalaba, panda;
Mwalimu nikamwekea na kipande cha nanasi.
Ikabaki moja, ya maua ya buluu, haina alama.
"Si yangu," akasema Mama Rutega.
"Si yangu," akasema Nsimire, akaigeuza, akacheka:
"Hii ilinifikia kwenye matanga ya mama.
Kabla ya hapo ilikuwa kwenye ubatizo wa nani sijui."

Nimeiweka mbele ya zangu nne.
Sijaipaka rangi, sijaikwaruza.

Na jioni hii, huko chini, sauti ya Nsimire,
imepasuka kidogo kwa hofu, zaidi kwa furaha:
"Banajirani! Niko na bageni!"

Sahani iko kwapani tayari.
Natafuta kiatu cha pili.