Mvinje wa Beseni

Wa kwanza ulikuwa msonobari.
Binamu yangu aliuteremsha kutoka Lushoto
kwenye kopo la rangi, umefunikwa gunia bichi.
Nikauweka kivulini, nikauombea baridi.
Tanga si Lushoto.
Siku ya arobaini niliukuta umegeuka rangi ya chai.

Huu wa pili niliuokota.
Uliota kwenye mfereji wa paa la karakana, barabara ya kumi na nne,
mrefu kama kalamu ya shule,
umeshiba majani makavu na kinyesi cha kunguru.
Mvinje. Mtoto wa mivinje ile ya Raskazone
ambayo hakuna aliyewahi kuiambia: ishia hapa.
Nikautia kwenye beseni la bati la marehemu mama,
lenye ua jekundu na kovu ukingoni.
Nililitoboa matundu matano kwa msumari wa inchi tatu
na Mwanakombo, mke wangu, hakusema nami mpaka Ijumaa.

Mimi ni fundi wa kusuka mota.
Waya wa shaba ninao, wa kila unene,
matumbo ya pampu zilizoungua.
Nilidhani mti nao ni koili:
unazungusha, unabana, unasubiri ukauke.
Nikauvika waya tangu shina hadi ncha,
nikauinamisha uelekee mlangoni,
kisha masika yakaja na pampu zake,
kazi juu ya kazi,
nikasahau.

Waya ukazama kwenye gamba
kama pete kwenye kidole kilichovimba.
Niliutoa kipande kwa kipande, kwa koleo ndogo,
na kila kipande kilichodondoka mezani
kilikuja na uzi mwembamba wa ngozi.

Sasa nafunga kwa singa za mkonge.
Singa ikisahauliwa, huoza.
Shaba ikisahauliwa, hula.

Jirani yangu Shemdoe huegemea baiskeli akaniangalia.
"Mti umeutia pingu," anasema.
"Mvinje kazi yake mluzi. Huo wako utapigia nini,
na upepo unapita juu yake kama juu ya kuku?"
Sina jibu. Nampa kigoda.

Kupogoa ni Jumapili, kabla jua halijakaza.
Naazima mkasi wa Mwanakombo, ule wa kukatia nyuzi,
kwa masharti: nisikate waya, nisikate ganda la chungwa,
niurudishe umefutwa.
Nazifinya ncha changa kwa kucha,
naondoa kinachoota kwapani,
kinachoota kurudi ndani,
kinachoota kwa sababu tu jana ilinyesha.
Mwanasha huokota yanayoanguka.
Jani la mvinje lina maungio kama kidole;
hulivuta likaachana, hulirudisha mahali pake,
hunyoosha mkono: "Baba, nimekata wapi?"
Nakosea. Kila mara nakosea,
mimi ninayeona waya ulioungua ndani ya mota iliyofungwa.

Kuna tawi moja nililionea huruma mwaka mzima.
La tatu, upande wa ukuta.
Lilikuwa nene, zuri, na halikuwa na kazi;
lilimnyima mwenzake jua.
Kila Jumapili mkasi ulilifikia ukapita.
Nikasema baada ya vuli.
Vuli ikapita, nikasema mti bado mchanga.

Jumatano hii nimerudi kutoka kwenye kiwanda cha barafu,
mikono inanuka vanishi,
nikalikuta tawi halipo.
Limekatwa mshazari, karibu kabisa na shina,
na jeraha limezibwa kwa nta ya mshumaa,
nta imelainishwa kwa kidole gumba.
Mwanga ulikuwa umeingia hadi kwenye udongo.

Ndani, cherehani ilikuwa inakwenda.
Ikasimama kidogo. Ikaendelea.

Sikuuliza.
Nilichota maji kwenye ndoo,
nikayamwaga taratibu kuzunguka shina,
mpaka yakatoka kwenye matundu yote matano.