Daftari la Dakika

Kila asubuhi saa mbili kasorobo
naiamsha kompyuta ya Bwana Esmailji,
nayo huamka ikiamini
kwamba leo ni Januari mosi, mwaka wa themanini.
Betri yake ya ndani ilikufa zamani.
Naisahihisha tarehe polepole,
kama mtu anayemkumbusha ajuza jina la mwanawe,
kisha navuta kiti, naingoja.

Dakika kumi na mbili.
Naziandika.

Tuko nyuma ya Mwembe Tayari,
twauza bawaba, vitasa, mabomba, misumari ya mabati,
na hesabu ya vyote vilivyomo ghalani
imo katika kisanduku hiki rangi ya meno ya mvuta kiko.
"Ililipiwa ikaisha," husema Bwana Esmailji,
akiipapasa juu kama kichwa cha mjukuu.
"Sidaiwi senti. Ya kale dhahabu."

Lakini dhahabu haipigi kelele hizi,
krii krii, krii krii, za printa ya sindano
inayotafuna karatasi moja katika kila tano.
Utepe wake hauuzwi tena, si hapa, si Dubai.
Mwachiti huja kutoka Changamwe kuulowesha upya
kwa wino wa mihuri na mafuta ya cherehani.
Hana bei Mwachiti: nauli, chai, mahamri manne.
Ila wiki mkewe alipougua
tuliandika ankara kwa mkono hadi Alhamisi,
tukauza vitasa mia mbili
tusivyokuwa navyo.

Akaja Ngala, kontrakta kijana wa Mtwapa.
Asubuhi ile nilikuwa nimesahau tarehe.
Akaishika ankara, akaisoma, akacheka:
"Dada, hii ni ya kabla mamangu hajaolewa!"
Tukacheka sote.
Hakurudi.
Hakukasirika, na hilo ndilo linalonitisha.
Hasara nyingine huingia dukani ikipiga mlango teke;
hii ilivua viatu kizingitini.

Mwezi wa Ramadhani kontena la vigae
lililala Kilindini siku tisa za ziada,
kwa kuwa faili niliyomtumia wakala
ilifunguka kwake kama kiwingu cha nukta na alama za kuuliza.
Faini ile tuliiandika chini ya "Bandari".
Hakuna aliyeiandika chini ya "Kompyuta".
Mahamri ya Mwachiti yako kwenye "Takrima",
karatasi zilizotafunwa ziko kwenye "Vifaa".
Ngala hayuko popote.

Wala mimi simo.
Jioni nabaki nikihesabu bawaba kwa mkono,
maana mashine husema arubaini, rafu yasema saba,
na kivuko cha Likoni hakimngoji mtu.
Feruzi mwanangu hufanya hesabu zake
barazani kwa jirani, chini ya taa ya jirani.
Nusu saa hiyo haina safu katika vitabu vya duka,
ndipo nikanunua daftari la mirabaa,
lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma,
nikaipa safu.

Juzi nilijumlisha.
Mwaka mmoja: siku thelathini na moja za kazi.
Mwezi mzima nimelipwa
kukitazama kioo cheusi
nikijiona uso.

Jumamosi nikampa daftari.
Alivaa miwani, akasoma amesimama,
kidole kikishuka mstari kwa mstari.
Alipofika kwa Ngala akarudi nyuma, akasoma tena.
"Kwani yule hakurudi?"
"Hakurudi, Bwana."
"Babake nilimuuzia mabati ya nyumba ya kwanza."

Nyuma yetu printa ikalia krii, ikakwama.
Hakusema atanunua nyingine. Hakusema hanunui.
Alinirudishia daftari kwa mikono miwili,
akaenda mlangoni, akasimama akitazama barabara.

Nikatazama saa.
Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika:
*Jumamosi. Bwana Esmailji, kusoma.
Dakika kumi na moja.*