Ukurasa wa Kumi na Tisa

Helju Raudsepp hakuwahi kuwa na kompyuta nyumbani.
Alikuwa na penseli, mkate mweusi,
na glavu za sufu alizofumiwa na mama yake,
zenye nyota za ncha nane, nyeupe juu ya nyekundu.
"Hesabu mishono," mama alimwambia.
"Ukikosea mmoja, nyota inakuwa buibui."

Chuoni Tartu mashine ilijaza chumba kizima,
ikinguruma, ikila kanda ya karatasi yenye matundu;
majira ya baridi walinzi waliingia kuota joto lake.
Wenzake waliuliza: itakwenda kasi gani?
Yeye aliuliza: kipi kitaishinda,
hata ikipewa umri wa jua?

Mkuu wa idara alicheka:
huko ni kupima kina cha kisima kisicho na maji.
Helju akavaa glavu zake, akaenda kupima.

Mto Emajõgi uliganda na kuyeyuka mara tisa.
Ndipo akathibitisha: fumbo lile halina njia ya mkato,
mwenye kulifumbua sharti abishe kila mlango.
Barua zikaja kutoka Budapest, kutoka Kyiv,
na moja kutoka Oslo, iliyofunguliwa njiani ikabandikwa tena.

Kisha mimi, kijana wa miaka ishirini na mmoja,
nikakwama ukurasa wa kumi na tisa.
Siku tatu nilidhani ujinga ni wangu.
Ya nne nikapiga hodi kwake, magoti yakinigongana.
Aliusoma mstari. Akaurudia.
Akavua miwani. Nje mtu alikuwa akikwangua theluji.
"Mshono mmoja," akasema,
akanimiminia chai.

Usiku uleule aliwaandikia wote kwa mkono wake:
Nimekosea. Aliyeona ni Kalju Ots.
Ndivyo jina langu lilivyochapwa mara ya kwanza,
ndani ya kosa la mwalimu wangu.

Akaanza kufumua.
Uzi uliofumuliwa haunyooki upesi,
hubaki na mikunjo ya umbo lililopotea.
Katika mikunjo hiyo aliona jambo dogo, la kurasa nne.
Hizo nne ndizo zinazosomeshwa leo.
Na njia ya mkato? Hakuna aliyeiona,
wala aliyeonyesha kwamba haipo.

Tulimzika Aprili, viatu vikizama kwenye matope ya theluji.
Glavu aliniachia mimi.
Ile ya kushoto, karibu na kifundo,
nyota moja ni buibui.
Nimehesabu. Najua pa kufumua.
Sipagusi.