Yah: Kina cha Maji

Mimi ni wa masjala. Meza ya kwanza ukiingia,
kushoto kwa jiko la makaa.
Barua zote za wilaya ya Kara-Jar hupita mkononi mwangu
kabla hazijamfikia mtu mwenye uwezo wa kufanya lolote.

Ile ya Toktosun ilifika Jumatatu, kwa penseli,
kwenye karatasi iliyochanwa daftarini.
Yeye ndiye mpima ziwa. Anaishi juu kule, chini ya barafu,
na farasi mmoja, redio mbovu, na ufito wenye alama nyekundu.
"Maji yamepita alama. Shubiri mbili kwa siku tatu.
Ukuta wa barafu unalia usiku.
Leteni mipira ya kunyonyea."

Nikairudisha.
Haikuwa na kumbukumbu namba.

Usinitazame hivyo. Ziwa ni la Wizara ya Dharura,
mfereji unaolipunguza ni wa Idara ya Maji,
barabara ya kupandishia mipira ni ya mkoa,
mipira yenyewe imo ghalani kwetu, imeviringwa vizuri,
na ufunguo uko kwa Sadyrbek, naye yuko likizo, likizo halali.
King'ora ni cha halmashauri. Kimekatiwa umeme tangu Februari:
kulizuka mjadala, king'ora ni kifaa au ni jengo,
maana vifaa vina fungu lake
na majengo lake.

Iliporudi ilikuwa na namba.
Bibi Anarkul akaisahihisha: "unalia" si neno la kitaalamu.
Akaandika "unatoa sauti."
Mkuu wa kitengo akauliza shubiri ni sentimita ngapi. Swali zuri.
Mwingine akaandika pembeni kwa wino wa kijani: "Tuonane."
Hawakuonana. Mmoja yuko ghorofa ya pili, mwenzake ya tatu.

Husemwa manahodha wengi chombo huenda mrama.
Sisi hatukwenda mrama.
Hatukwenda kokote.

Jumapili, saa tisa usiku, ziwa likashuka bila idhini.

Toktosun alikuwa ameacha kituo chake tangu jioni, jambo lisiloruhusiwa,
akapita mtaa wa juu akigonga milango kwa ule ufito.
Dirisha moja alilivunja.
Watu wakapanda kilimani na mablanketi, na birika,
na mtoto aliyekataa kumwacha bata wake.
Mtaa wa chini hakuwahi.
Watu kumi na mmoja. Majina sitayataja hapa;
nimeshayaandika mara tatu, kwa nakala tatu.

Jumanne ikatoka barua ya onyo.
Kuacha kituo cha kazi. Kutoa tahadhari kwa umma bila kibali.
Uharibifu wa dirisha, moja.
Ilipita meza saba kabla ya chakula cha mchana.
Hakuna aliyeuliza dirisha ni kifaa au ni jengo.

Akaja kusaini. Tope limemkaukia mpaka magotini.
Alisoma polepole, midomo ikimcheza,
nikampa kalamu ya mezani, ile iliyofungwa kwa uzi,
na uzi ni mfupi, ikabidi ainame.

"Na mipira?"
Sadyrbek karudi, nikamwambia. Inahitaji fomu tu.
"Ufito umevunjika."
Hiyo ni fomu nyingine.

Akazikunja zote mbili akazitia ndani ya kofia.
Nje alikuwa anamwambia farasi, si mimi,
kwamba maji yameanza kujaa tena, taratibu,
na kesho saa kumi na mbili asubuhi lazima wawe wamefika.

Nikatoka bila koti. Nikampa karatasi kumi tupu,
zimeshagongwa muhuri, zimeshapewa namba.

Kumi tu.
Ya kumi na moja itabidi aombe.