Ramani ya Hamira

Hamira yangu ilitoka Nanguruwe,
kwenye ndoo ya uraka ya mama,
mabibo ya Oktoba, povu mpaka ukingoni.
Nikaileta Mtwara mjini, nikaiharibu makusudi
ili nijue inajitibu vipi.

Iliyoharibika haistahimili taa ya urujuanimno.
Sekunde ishirini tu, na kesho yake sahani tupu
kama sinia baada ya hitima.

Nikaipandikiza vipande vya DNA ya ndugu yake mzima,
kipande hiki, kipande kile, elfu nne na kitu,
umeme ukikatika, friji likitoka jasho.
Usiku wa kuamkia Jumanne, nukta moja.
Nilidhani ni mate yangu.
Nikarudia taa.
Ikaishi.

Haya, jeni tunayo. Inakaa wapi?
Kromosomu kumi na sita, mlango wa kupigia hodi sina.
Napasua vifuko, mbegu nne nne, kwa sindano ya kioo,
natazama nani anaondoka na nani.

Nilimweleza mama kwenye simu. Akacheka.
"Ndivyo tulivyojuana sabini na nne,
lori la vijiji lilipotushusha porini.
Akina Chilumba na akina Nang'onye hawakuachana njiani,
nikajua walikotoka walipakana ua."

Nimeandika: ya tano, mkono wa kushoto,
si mbali na kitovu.
Kwa penseli.

Ndoo yake iko juani, haina kifuniko.
Humo ndani zinajishona zenyewe, maelfu kwa maelfu,
na hakuna hata moja iliyoniomba ramani.